Kwa Muda Tu

Ngamiani mitaa yetu ina namba:
ya tano, ya nane, ya kumi na mbili.
Mgeni hapotei, anahesabu tu mpaka afike.
Ndivyo lilivyofika roboti la kutafutia,
likihesabu folda moja baada ya nyingine
kwenye seva ya zahanati yetu.
Halikuvunja kitu.
Halikuruka ukuta.
Lilisukuma mlango niliouegesha mimi.

Niliuegesha Ijumaa, saa sita na robo,
adhana inakaribia, jenereta linakohoa,
nahamisha mafaili kwenda mashine mpya
na mtandao unakatika kila nikifika nusu.
Nikasema niyaweke hapa, folda ya wazi,
nitayatoa nikirudi. Kwa muda tu.
Nikalipa furushi jina la kivivu: nakala_mpya_2.
Nikaenda kuswali, nikarudi, nikala wali,
nikasahau miezi minne.

Nyumba niliyokulia ilikuwa na mipaka isiyoandikwa:
barazani kaa na yeyote,
ukumbini mwenye shughuli,
chumbani mwenye chumba,
na uani, zinakokaukia nguo za ndani,
mtu hapiti bila kukohoa.
Nilikuwa nayajua haya kabla sijajua kusoma.

Nyumba njema si mlango, tuliambiwa.
Nami nikahangaika na mlango:
rangi, nembo, picha ya muuguzi anayecheka,
na lile kufuli dogo pembeni mwa anwani.
Wageni wakasema, zahanati imeendelea!
Kufuli lile hulinda barabara.
Uani kulikuwa kweupe.

Aliyenipigia ni Bi Mwantumu Segeja,
mshona mashuka wa Barabara ya Kumi na Nne.
Hakufoka. Ningependa angefoka.
"Mwanangu, nimetafuta jina langu
nione kama tangazo la mashuka limetoka.
Tangazo sikuliona.
Nimeuona ugonjwa wangu.
Umeandikwa vizuri, na tarehe."

Nikafunga.
Nikaizuia seva kumwaga orodha ya vilivyomo
kwa kila anayegonga bila kutaja anachotaka:
mstari mmoja, hata haujai kiganja.
Nikatoa nakala nje kabisa ya folda ya wageni.
Nikabadili manenosiri yote,
hata lile lililolala ndani ya faili
ambalo jina lake huanza na nukta.
Nilikuwa nadhani nukta ni pazia.
Nikawaandikia wenye roboti wakifute kivuli walichobaki nacho.
Kazi ya mikono ilikuwa dakika kumi na moja.
Miezi minne, na dakika kumi na moja.

Kisha nikasoma daftari la seva,
lenyewe halisahau kama mimi.
Roboti, mara tatu.
Bi Mwantumu, mara moja, simu ya mkononi.
Mimi, nikijaribu kama kweli nimefunga.
Na mmoja,
tarehe tisa Machi, saa kumi alfajiri,
alibeba furushi lote, hakurudi tena.
Anwani yake ni namba,
ila si ya barabara ninayoweza kwenda kwa miguu.

Daktari Mhina anasema, limefungwa, yaishe,
ukiwaambia watu utawatia joto la bure.
Nimemwelewa. Ana kodi ya jengo, ana wauguzi sita.
Lakini mlango uliofungwa leo
haumrudishi aliyetoka jana na begi.
Ni watu mia saba na kumi na wawili,
na wengi hawajui kama walikuwa barazani
wakiwa hawajavaa.

Nimechapa orodha kwenye karatasi,
nimeilaza kifudifudi mezani,
naigeuza jina moja moja.
Nje muuza kahawa anagonganisha vikombe.
Simu inaita. Inaita.
"Bwana Abushiri?
Naitwa Hatibu, yule wa kompyuta pale zahanati.
Hapana, si majibu mapya.
Samahani,
hapo ulipo,
uko peke yako?"